Kitanda cha Bashira Hakikatwi Tena

Majirani wa mtaa wa Kiponda waliousikia msumeno asubuhi ile walidhani Haitham amewaita mafundi waje kumtengenezea roshani. Kumbe msumeno ulikuwa mkononi mwa Bashira, mke wake aliyekwisha kuachwa, naye alikuwa amepiga magoti chumbani ghorofa ya pili, kajifunga kibwebwe, anakata kitanda chake mwenyewe.

Tusimwonee. Bashira binti Kheir hakuwa mwanamke wa kuharibu vitu. Alikuwa mshona kanzu, mtu wa kuokota kipande cha uzi sakafuni akakitia kwenye kopo kwa kuwa kesho kitafaa. Lakini siku hiyo eda yake ilikuwa imekwisha, hamali yuko chini anasubiri na gari lake la kukokota, kabati limeshashuka, masufuria yameshashuka, na kitanda kimekataa kutoka.

Kitanda kile kilikuwa cha msaji. Matendegu yake, ile miguu minne, yalikuwa manene kama ngumi ya mwanamume, na ubao wa kichwani ulichongwa maua. Mifumbati yake, yaani mbao mbili ndefu za ubavuni zinazounganisha kichwani na miguuni, ilikuwa myembamba, unene wa vidole viwili tu. Marehemu baba yake alikinunua kwa mahari ya Bashira na akaongezea kutoka mfukoni mwake, kwa sababu hakutaka binti yake aingie kwa mume mikono mitupu. Kwa desturi ya Unguja vyombo vya ndani ni vya mke. Siku ya kuachana mume hubaki na kuta zake, mke akaondoka na kitanda chake, na hilo halihitaji kadhi wa kulieleza.

Kilipoingia nyumba ile kilipandishwa vipande vipande. Kisha miaka ikapita, viungo vikalegea, kitanda kikaanza kulia usiku, na majirani wa chini wakaanza kumwuliza Haitham kama amelala vizuri. Haitham akaona haya. Akanunua misumari ya inchi sita, akaigongomea kwenye viungo vyote vinne vya mifumbati, na juu yake akamwaga gundi. Kitanda kikanyamaza, tena kikageuka kuwa kitu kimoja kisichofunguka. Ngazi za nyumba ile ni nyembamba na zimejipinda mara mbili, hata mtu mnene hupita upande.

"Kiache, Bashira," Haitham alisema akiwa mlangoni, mikono nyuma. "Ngazi hii hakipiti. Huyo anokuja atakitumia, na mimi ntakununulia chengine cha chuma, kizuri tu."

Huyo anayekuja. Bashira alikuwa ameshamezea mengi katika miezi ile, lakini hili halikumezeka. Alikiona kitanda cha baba yake kimetandikwa shuka za mtu mwengine, na hasira ikampanda mpaka masikio yakamwaka moto.

"Niazime msumeno," alisema.

Haitham akacheka, akaenda kuuleta. Alidhani anamkomoa. Hakujua kwamba mwanamke aliyeshona kanzu tangu usichana wake hukata kwa mkono usiotetemeka. Bashira alikata mfumbati wa kwanza pale unapokutana na tendegu la kichwani, akahamia miguuni, kisha akageukia wa pili. Kila alipofika mwisho wa kukata machozi yalimtoka, akayafuta kwa bega na kuendelea. Kitanda kilipoachana, aliinuka, akampa Haitham msumeno wake.

"Nshakata," alimwambia. "Na basi. Msumeno hautokigusa tena kitanda hiki maisha yangu yote."

Hamali akashusha ubao wa kichwani na matendegu yake mawili, wa miguuni na yake mawili, mifumbati, na mwisho zile chaga, mbao fupi zinazolaliwa na godoro. Gari likaondoka kuelekea Mlandege.

Nyumba ya Mlandege iliachwa na baba yao, na alikuwa akiishi humo Munir, mdogo wake Bashira wa tumbo moja, pamoja na mkewe Wanu. Munir alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya plastiki, mtu mwema kwa maneno, mgumu kwa nafasi. Chumba cha mbele, ambacho kila mtu alikiita cha Bashira hata alipokuwa ameolewa, alikijaza maboksi ya mabeseni na ndoo mpaka darini. Bashira alifika na vyombo vyake, akatandikiwa godoro ukumbini, karibu na mlango wa jikoni.

Kulala chini si aibu, watu wengi hulala chini. Lakini yako mambo ambayo mtu mzima huyaona bila kuambiwa. Mwenye kitanda na mlango wake ni mtu wa nyumba hiyo. Mwenye godoro la kukunjwa kila asubuhi kabla wageni hawajaja, huyo ni mgeni, na mgeni huulizwa ataondoka lini. Bashira alikuwa na fungu lake halali katika nyumba ile, na kila asubuhi alilikunja pamoja na godoro akalisukuma nyuma ya mlango.

"Munir, nataka chumba changu," alisema siku ya tatu au ya nne, wakinywa chai.

"Dada, wewe wajua mzigo ulivyo. Chumba cha kuwekea nini? Kitanda chako si kile pale uani, vipande?" Munir akacheka, akamtazama mkewe ili acheke naye. Wanu hakucheka. "Basi hivi. Siku kitanda chako kikisimama kwa miguu yake, siku hiyo hiyo natoa maboksi yote. Nshasema."

"Wanu umesikia?" Bashira aliuliza.

"Nimesikia, wifi," Wanu alijibu huku akimimina chai.

Munir alirudi kazini na furaha yake. Kwa mawazo yake alikuwa ameahidi kitu kisichokuwepo, na ahadi ya namna hiyo haina gharama.

Nyuma ya maduka ya Mlandege, katika kichochoro kinachonuka vumbi la mbao na chai ya tangawizi, Fundi Jecha alikuwa na karakana yake. Alikuwa mzee mwembamba, mkali wa maneno, na vijana waliojifunza kwake walikwisha kumkimbia wote kwa ajili ya ulimi huo. Bashira alimletea vipande vyote kwa gari la kukokota.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kuni hizi unampelekea nani?"

"Si kuni. Kitanda changu."

Jecha alizunguka ule mzigo, akagusa huku na huku, akasonya. Akamweleza kama mtu anayemweleza mtoto. Mfumbati huingia kwenye tendegu kwa ulimi, ile ncha iliyopunguzwa ya mbao, na ulimi hukaa ndani ya tundu. Yeye alipokata, ndimi zote nne zilibaki ndani ya matendegu, zimeshikana na misumari ya yule bwana wake. Akichonga ndimi mpya kwenye mifumbati ile ile, kitanda kitapungua urefu na godoro halitoingia.

"Hakuna njia?"

"Njia ipo. Watoboa tundu kwenye tendegu, watoboa na tundu kwenye ncha ya mfumbati, kisha wachonga ulimi mbali, wa mti mwengine, waupachika nusu huku nusu huku. Lakini hiyo kazi ya mtu aliyekosa kazi, Bi Bashira, na mimi n'na milango ya watu hapa. Nunua kitanda kipya."

"Nionyeshe patasi inavyoshikwa," Bashira alisema. "Na uniazime pembe moja ya meza yako. Mimi ntakushonea kanzu ya Idi, ya darizi, hutopata kwengine."

Jecha alitazama kanzu aliyoivaa, iliyopasuka kwapani. Akamsogezea benchi.

Basi kila siku baada ya kula mchana Bashira alifika karakanani, akapandisha mikono ya buibui na kuifunga kwa mpira wa nywele. Wapita njia walisimama kumtazama. Wengine walimsalimia kwa heshima, wengine kwa kicheko, na mmoja alimwuliza kama sasa anashona kanzu za mbao. Bashira alimjibu kwamba anamshonea yeye mdomo, akaendelea kugonga. Alijifunza kunoa patasi, alijikata kidole, alijifunza tena. Ndimi alizichonga kwa mti wa mkarafuu mkavu, mabaki ya mkarafuu uliokufa kwenye shamba la wajomba zake Kidichi, kwa sababu Jecha alimwambia mti ule ni mgumu na hauna tabia ya kuvimba na kunywea.

Kisha akafanya kosa, tena kosa la mshona kanzu. Kanzu huanza kati. Kitambaa hukunjwa, mkunjo ndio mama wa kila kitu, na shingo, kifua na mikono vyote hupimwa kutoka pale. Kwa hiyo Bashira alichukua ukanda wa karatasi, akaupimia unene wa tendegu, akaukunja nusu kwa nusu, akapata kati ya tendegu. Akafanya vivyo hivyo kwa mfumbati. Kati kwa kati, alijiambia, nini tena? Kulikuwa na faida nyengine, na hii hakuisema kwa sauti. Tundu la zamani lilikuwa karibu na upande wa nje, limejaa misumari ya Haitham, na kutoboa katikati kulimwepusha na misumari ile.

Alitoboa matundu yote manane. Akapachika ndimi, akagonga, na kitanda kikasimama katikati ya karakana. Hata Jecha aliacha randa yake. Bashira alicheka peke yake kama mwehu. Kisha akapitisha mkono kutoka kwenye tendegu kwenda kwenye mfumbati, na mkono ukazama. Tendegu ni nene, mfumbati ni mwembamba, na kwa kukutana kati kwa kati, mfumbati ulikuwa umeingia ndani kama mtu aliyejificha nyuma ya nguzo. Zamani nyuso zao zilikuwa sawa, mkono ulipita bila kujua umetoka wapi umeingia wapi. Akazichukua chaga azilaze. Hazikuingia. Mifumbati ilikuwa imekaribiana kwa ndani, na kila chaga ilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyobaki.

Akakaa chini kwenye maranda. Wiki nzima ya kazi, vidole vimejaa plasta, na kitanda kimesimama kwa uongo.

"Hilo dogo," Jecha alisema, na safari hii alisema kwa huruma. "Lete chaga hizo nizipunguze vidole vitatu vitatu. Kabla ya alasiri umemaliza. Watu watatandika shuka, nani ataona?"

Alikwisha kuushika msumeno. Bashira aliinuka akaweka kiganja juu ya chaga.

"Hakikatwi."

"Chaga tu, mwanangu. Vipande vya mbao."

"Nimesema hakikatwi, fundi. Nilikikata mara moja kwa sababu mtu alitaka nikiache. Sasa nikikate kwa sababu gani? Kwa uvivu?"

"Kwa akili."

"Basi sina."

Jecha aliurudisha msumeno ukutani kwa kishindo. Kuna wanawake, alimwambia kijana aliyemletea chai, ambao ukiwaonyesha mlango watapita dirishani. Bashira alimsikia na akakubali moyoni kwamba ni kweli.

Habari za chaga zilifika nyumbani kabla yake, maana Mlandege haina siri. Munir alikuwa amekwisha kuleta mzigo mwengine, na yale maboksi yaliyokosa nafasi chumbani aliyapanga ukumbini, kando ya godoro la dada yake. Alimwambia kwa upole kwamba yeye si mtu mbaya, ila biashara haisubiri. Usiku ule Bashira alilala na boksi la ndoo upande wa kichwani. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hasira na kila mtu, hasa na ile karatasi yake ya kukunja.

Kesho yake alikifungua kitanda, lakini hakuchukua patasi mara moja. Alichukua kigoda, akakaa mbele ya tendegu, akaliangalia jicho kwa jicho. Pale alipokata, msumeno ulikuwa umeacha sura ya ulimi wa zamani, pande nne, rangi yake hafifu kuliko tendegu. Ule ulimi haukuwa katikati ya tendegu. Akaenda kwenye ncha ya mfumbati, akatazama alama ya kukatwa. Huko nako haukuwa katikati, ulisogea ndani kidogo. Fundi yule wa zamani hakujali kati ya kitu chochote. Alipima kutoka nje, kutoka kwenye uso unaoonekana, na huko ndani unene ukaenda ulikotaka.

"Fundi," aliita.

"Naam."

"Ukitaka mbao mbili ziwe sawa usoni, moja nene moja nyembamba, wapima wapi?"

"Usoni!" Jecha alisema kwa kelele. "Nani alokwambia kati? Siku zote nakuona wakunja karatasi, nadhani wajua ufanyalo. Mti una uso na mgongo. Uso ndo utaouonyesha watu. Mgongo na ukae utakavyo."

"Na wewe hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Umeniuliza patasi inashikwaje."

Wakatazamana, na kidogo wagombane khasa. Kisha Jecha akafungua sanduku, akamrushia mahati. Ni kijiti chenye msumari mdogo kwenye ncha, na kibao kinachoteleza juu yake ambacho hukazwa kwa skrubu. Ukishakikaza kibao na kukiegemeza kwenye uso wa mbao, msumari huchora mstari ulio mbali na uso kwa kiasi kile kile, mbao iwe nene, iwe nyembamba, haiulizi. Kipimo kimoja kwa zote mbili, bila ya kukunja kitu.

Ila sasa hakukuwa na pa kukimbilia. Pahala pa haki pa tundu palikuwa pale pale pa zamani, kwenye misumari ya Haitham.

Bashira aliziba kwanza matundu yake ya uongo kwa vipande vya mkarafuu na gundi. Kisha akaifuata misumari. Ilikuwa imeshika kutu, imeoana na msaji, na mingine vichwa vilikuwa vimezama kabisa. Aliichimba pembeni kwa patasi nyembamba, akaishika kwa koleo, akaivuta huku mguu mmoja ameutia kwenye benchi. Kila mmoja ulitoka na kelele yake. Alimtukana Haitham kwa msumari wa kwanza, akamtukana kwa wa pili, na katikati ya kazi akagundua kwamba hamtukani tena, anahesabu pumzi tu. Iliyotoka aliitia kwenye kopo la maziwa. Mabega yalimuuma hata kuinua kikombe, na hakujuta.

Alipokwisha kuzichimbua na ndimi za zamani, matundu ya matendegu yakiwa wazi na safi, aliegemeza mahati kwenye uso wa tendegu, akaisogeza mpaka msumari wake ukagusa ukingo wa tundu, akaikaza. Hapo akatulia. Jana yake aliweka alama ya chaki kwenye nyuso za mbao ili asichanganye uso na mgongo, na upindo wa buibui ukaifuta yote. Hii leo alikuja na hina aliyoikoroga asubuhi na Wanu, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akatia nukta nene kwenye uso wa kila tendegu na kila mfumbati, akaiacha ikauke.

"Umewaoza?" Jecha aliuliza.

"Nimewaoza," Bashira alijibu. "Na mahari nshatoa mimi."

Jecha alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo hakuziita tena mbao zake kuni.

Kila nukta ilipokauka ikawa nyekundu ya kiza, na hapana upindo wala jasho lililoweza kuifuta. Bashira aliipeleka mahati juu ya mifumbati, kibao chake siku zote kikiwa upande wa hina, akachora, akachimba. Ndimi alizibandika kwa gundi kwenye mifumbati peke yake. Upande wa tendegu hakutia gundi wala msumari. Alitoboa kitobo chembamba upande wa ndani, kinachopita tendeguni na kwenye ulimi, na humo akapiga kijiti cha mkarafuu. Kijiti kikiwa ndani, kitanda hakitikisiki. Kikichomolewa, mfumbati unatoka, na chombo chote kinaweza kushuka ngazi yoyote ya Mji Mkongwe bila kumwaga unga wa mbao hata chembe.

Jecha alipitisha ukucha wa kidole gumba kutoka tendegu mpaka mfumbati. Ukucha ukikwama, nyuso haziko sawa. Alipitisha viungo vyote vinne, akarudia kimoja.

"Sema basi," Bashira alisema.

"Kanzu yangu naitaka na kola ya juu," alijibu, akarudi kwenye milango yake.

Ilikuwa Ijumaa. Munir alikwenda msikitini kwa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na alipotoka tu, gari la hamali likasimama mlangoni. Wanu alimsaidia wifi yake kuingiza vipande. Chumba hakikuwa na nafasi hata ya kupitisha mguu, kwa hiyo Bashira hakujisumbua nacho. Alikisimamisha kitanda ukumbini. Akaingiza ndimi, akapiga vijiti, akalaza chaga, na kila moja ikaingia ikatulia. Kichwa cha kitanda kilifika ukutani, miguu yake ikafika kwenye mlango wa jikoni. Pilau lilikuwa jikoni.

Munir aliingia na njaa ya baada ya sala na kumkuta dada yake amekaa katikati ya kitanda, miguu ameikunja, anapepea.

"Shikamoo, dada. Nini hiki?"

"Marahaba. Kimesimama."

Munir alikisukuma kwa goti. Hakikwenda. Akakishika tendegu, akakitikisa kwa mikono miwili, akangoja kilie, na kitanda hakikusema kitu. Akainama atazame chini, kilemba kikataka kumwanguka.

"Mbona hakina misumari?"

"Hakihitaji. Nataka chumba changu, Munir."

"Dada, mimi siku ile n'kifanya mzaha tu. Mzigo wote ule ntauweka wapi? Leo Ijumaa, watu wamefunga maduka."

"Ulipolisema lile neno, mimi sikukusikia ukicheka," Wanu alisema kutoka upande wa pili wa kitanda, mwiko mkononi. "Nilimimina chai, nikasikia ahadi."

"Njoo unipe chakula basi tuzungumze."

"Nitapitaje? Njia imezibwa."

Munir alimtazama mkewe, akamtazama dada yake. Angeweza kupanda juu ya kitanda akavuka, na kwa kweli aliinua mguu. Bashira hakumzuia. Alimtazama tu usoni, bila kupepesa, kwa macho yale yale aliyokuwa akimtazamia utotoni Munir alipomfichia kitu chake cha kuchezea.

"Hii ni nyumba ya baba," Bashira alisema. "Sikuja kwako kuomba pahala pa kujificha. Nimekuja kwetu. Umenilaza kando ya ndoo nikanyamaza, kwa kuwa ulisema neno na mimi nikalishika. Sasa lishike na wewe. Ama ukapande kitanda hiki na viatu, mbele yangu, niione siku hiyo."

Munir akaushusha mguu. Akavua kilemba, akakitundika msumarini, akaanza kutoa maboksi. Mengine aliyatupia uani, mengine akayapeleka kibarazani, na kanzu nyeupe ikashika vumbi kwapani na mgongoni. Hakuna aliyemsaidia, na hakuomba. Pilau lilipoa. Chumba kilipobaki kitupu, Wanu aliingia na ufagio akakifagia, akanyunyiza maji.

Bashira alichomoa vijiti, akavitia mdomoni kama pini za kushonea, akakifungua kitanda na kukiingiza chumbani kipande kwa kipande. Alikisimamisha tena kando ya dirisha, bila haraka, akiangalia kila alama ya hina iko upande wake. Alitandika godoro, akatandika shuka, akaweka mito. Ndipo Munir alipotokea mlangoni, jasho linamtiririka, boksi moja kubwa la mabeseni begani, na uso wake umelainika kama wa mtu aliyekubali kushindwa.

"Dada, hongera. Kizuri, wallahi. Kirefu kwenda juu." Alichungulia chini. "Tena uvungu wake mkubwa."

"Mkubwa khasa."

"Basi haya machache yaliyobaki nayasukuma humo. Hutoyaona hata. Shuka itafunika."

"Munir."

"Naam."

"Uvungu nao wangu."

Alisimama kidogo na boksi lake, labda akingoja acheke. Bashira hakucheka. Munir akageuka akaondoka nalo, na hatua zake zikasikika mpaka uani. Bashira akafunga mlango, akatia komeo, akajitupa kitandani. Ilikuwa mchana kweupe na kulikuwa na kanzu za watu za kushona. Alilala kwa mapana, kichwa ukingo mmoja na miguu ikining'inia ukingo wa pili, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia asogee.